Jina Lililosemwa Mbele ya Simu

Kokuhirwa alipata alama tisini na mbili kwa mia katika mazoezi ya kufundisha. Tunaanzia hapo kwa sababu hata chuoni kwake walianzia hapo, wakaishia hapo hapo, wakampigia makofi. Hakuna aliyeuliza darasa la tatu la shule ile ya Kyerwa limebaki na watoto wangapi. Siku aliyofika lilikuwa na watoto themanini na mmoja. Siku aliyoondoka walikuwa themanini, na huyo mmoja aliyepungua ndiye aliyempatia zile alama.

Mwenyewe ni binti wa Nyakasimbi, upande wa Karagwe, mtoto wa tatu wa wakulima wa ndizi na kahawa, Walutheri wa kwenda kanisani mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka wa kwanza chuoni mazoezi ya kufundisha yalimshinda. Si kwamba alikuwa mjinga, hasha. Alikuwa na sauti ndogo. Mkufunzi aliyekwenda kumkagua alikaa dakika ishirini nyuma ya darasa, akaandika kwenye fomu kwamba mwalimu huyu anaufundisha ubao badala ya kuwafundisha watoto, akajiondokea zake. Alama arobaini na moja. Akaambiwa bila kufichwa kwamba akirudia hayo awamu ya pili, cheti asahau, arudi kwao akapalilie migomba. Kwa hiyo binti wa watu alipopangiwa shule ya msingi kijijini Kyerwa, karibu na mto Kagera, mahali ambapo ukisimama kilimani unaiona Rwanda kwa macho yako, alikwenda na jambo moja tu kichwani, kufaulu.

Sasa fomu ya tathmini ya mwaka huo ilikuwa na kipengele kipya, alama ishirini nzima: matumizi ya TEHAMA darasani. Aliyekitunga kipengele hicho sijui alikuwa ameketi wapi, ila si pale. Shule haikuwa na umeme. Ilikuwa na paneli moja ya sola juu ya bati la ofisi, ya kuchajia simu za walimu, na kila asubuhi watu wazima wenye vyeti vyao walizozana nani achomeke kwanza. Vishikwambi vilikuwepo sita. Vilikuwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, vimefungiwa kwa kufuli, bado viko ndani ya nailoni zake. Mwalimu mkuu, Mwalimu Cleophace, mzee wa miaka hamsini na minane aliyekuwa anaomba Mungu astaafu bila kesi, ndiye aliyesaini kuvipokea, na alikuwa amekwishaapa kwamba atavikabidhi vikiwa vizima kama alivyovipokea. Kokuhirwa alipoomba kimoja akaonyeshwa kabati kwa nje.

Basi akatumia simu yake. Simu yenyewe ilikuwa na ufa kwenye kioo, lakini ilirekodi vizuri, na alikuwa na spika ndogo ya kuunganisha ambayo kaka yake alimwazima. Alianza kwa kuwarekodi watoto wanaposoma kitabu cha Kiswahili, kisha anawachezea sauti zao. Watoto wa pale nyumbani wanazungumza Kinyambo, wengine Kihaya, Kiswahili wanakikuta shuleni. Mtoto alikuwa anasoma kwa kukimbia, anameza silabi, hajui kama amezimeza. Akijisikia kwenye spika anashika mdomo, anacheka, halafu anaomba arudie. Na akirudia, anasoma vizuri zaidi, bila fimbo na bila kufokewa. Nyie mnaofundisha mnajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani kwenye darasa la watoto themanini na mmoja.

Chuo kiliwataka waandike tafakari kila Ijumaa: nini kimekwenda vizuri, nini hakikwenda vizuri, utaboresha nini. Wenzake walikuwa wananakiliana. Kokuhirwa aliandika kwa moyo. Wiki ya tatu aliandika kwamba mtoto akijisikia mwenyewe anajisahihisha kabla mwalimu hajamsahihisha, na kwamba simu haimchoki mtoto mzito kama mwalimu anavyomchoka. Ilikuwa kweli, na aliiona kwa mtoto mmoja kuliko wote.

Kwenye daftari la mahudhurio mtoto huyo aliitwa Edith Kahigi. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye sauti ndogo, anakaa safu ya tatu. Ukimwita Edith alichelewa kuitika, mpaka jirani yake amsukume kwa kiwiko, na darasa linacheka. Walimu walishamwandika kichwani kuwa ni mzito, wakamwacha. Kokuhirwa alimpenda kwa sababu ile sauti ndogo aliijua, ilikuwa yake mwenyewe. Wakati wa mapumziko alimpeleka nyuma ya darasa, akamkabidhi simu, akamwambia azungumze nayo peke yake, yeye madam atasimama mbali asisikie. Siku ya kwanza mtoto alipumua tu kwenye simu. Siku ya pili alisema a, e, i, o, u. Wiki ya pili alikuwa anaisomea simu ukurasa mzima, na akimaliza anaiweka sikioni, anajisikiliza, anatabasamu. Wiki ya nne alikuwa anakuja mwenyewe kuiomba.

Ijumaa ya wiki ya tano somo lilikuwa kujitambulisha. Mtoto anasimama, anataja jina lake, wazazi wake, anapoishi, na habari kidogo za nyumbani. Kokuhirwa alitaka kupata video ya mfano, maana mkufunzi wake, Mkufunzi Ambrose, alikuwa ametangaza kwamba atakuja kumkagua Jumatano inayofuata. Akamchagua Edith. Mtoto mzito anayesoma, hiyo ndiyo kazi ya kuonyesha. Akamsimamisha mbele ya ukuta, akawasha simu. Mtoto akaanza, naitwa Edith Kahigi, na sauti ikamfia papo hapo. Akajaribu mara ya pili, ikafa tena. Kokuhirwa akazima, akachuchumaa mbele yake.

"Sauti inakufa kwa sababu unakariri," alimwambia. "Usiseme ya kukariri. Sema ya kwenu, ya kweli."

"Ya kweli, madam?"

"Ya kweli tupu."

Akawasha simu tena. Mtoto akasimama wima, akazungumza, na hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza hivyo. Alisema: "Ninaitwa Uwiduhaye. Baba yangu anaitwa Theoneste. Mama yangu anaitwa Nyirabageni. Tunaishi kwenye kibanja cha mzee Kahigi, baba analima na kubeba ndizi. Bibi yangu anaishi ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa mtumbwi, nilikuwa mdogo, mama aliniziba mdomo nisilie. Sasa ninasoma darasa la tatu. Ninapenda kusoma."

Darasa zima likapiga makofi. Na Kokuhirwa naye, waitu, jamani, akapiga makofi, machozi yakimlengalenga. Alikuwa anasikiliza vituo, anasikiliza matamshi, anasikiliza kama mtoto amemeza silabi. Habari yenyewe ilimpita. Mtu mzima wa Karagwe, amezaliwa huko, amekua akiwaona vibarua wa ng'ambo wakilima kahawa za majirani zao, asijue maneno yale yana uzito gani? Alijua. Angeyasikia kwenye kisima angeyajua mara moja. Lakini siku ile alikuwa na fomu kichwani.

Akaituma ile video mahali pawili. Kwanza kwenye kundi la WhatsApp la elimu la kata, lenye walimu, watendaji wa vijiji na wajumbe wa kamati za shule, kwa sababu Mwalimu Cleophace alikuwa ameagiza kila kinachofanyika kiwekwe huko ili shule ionekane. Pili kwenye kundi la chuo, walimo wakufunzi na wanachuo wote waliotawanywa mazoezini. Mwalimu Cleophace mwenyewe alikuwa kwenye kikao Rubwera, makao makuu ya wilaya. Bando lake siku zote ni la kuhesabu kwa vidole, video huwa hafungui, anapongeza tu. Dakika mbili hazikupita akaandika: hongera sana mwalimu, chapa kazi. Na vidole gumba vitatu. Ndivyo wanavyoongoza elimu watu hawa, kwa vidole gumba.

Jioni, akiwa amerudi kwake, mke wake ambaye naye ni mwalimu alimwonyesha ile video kwenye simu yake. Mzee hakumaliza chai. Alitembea kwa miguu mpaka kwenye chumba alichopanga Kokuhirwa, akafika akihema, akakataa kiti.

"Futa," alisema. "Futa sasa hivi, halafu nitakueleza."

Akamweleza, amesimama mlangoni. Pale kijijini wenye vibanja vikubwa wana familia za vibarua zinazoishi pembezoni mwa migomba yao, nyingine zina miaka miwili, nyingine kumi. Karatasi hawana. Watoto wao hawawezi kuandikishwa shule kwa majina ya baba zao, maana mtu akiuliza cheti cha kuzaliwa hakuna, na swali moja linazaa maswali kumi. Kwa hiyo mwenye kibanja anamwandikisha mtoto kwa jina la ukoo wake, anasema ni mjukuu. Mwalimu mkuu anaandika mjukuu. Mwenyekiti wa kijiji anajua, mchungaji anajua, muuza duka anajua, na wote wamemeza. Mzee Kahigi peke yake alikuwa na wajukuu watano wa namna hiyo. Haikuwa sadaka tu, msinielewe vibaya. Theoneste alikuwa anamlimia Kahigi tangu alfajiri mpaka jua linazama, na mtu asiye na karatasi hagombani na anayempa pa kulala. Lakini mtoto alisoma.

Kokuhirwa akageukia mezani. Akashika simu. Na hapa ndipo penyewe, hapa ndipo ninapomkasirikia mpaka leo, maana yote ya kabla ya hapo unaweza kuyaita bahati mbaya, hata mimi nayaita hivyo. Alifuta ile ya kundi la kata, akafuta kwa wote. Mwalimu Cleophace akaona, akashusha pumzi, akaaga. Akabaki na kundi la chuo. Akalifungua, akakuta watu sitini na zaidi wamepongeza, na chini yake Mkufunzi Ambrose ameandika kwamba katika miaka yake kumi na saba ya kufundisha walimu hajaona matumizi ya TEHAMA yenye tija kama haya, na kwamba video isiondolewe, ataijadili naye siku ya tathmini.

Kidole kilikaa juu ya neno futa muda mrefu. Alijiambia kwamba kundi la chuo ni la watu wa mbali. Nani wa chuoni anamjua Kahigi? Nani anajua hata kijiji chenyewe? Akajiambia Jumatano si mbali, akishakaguliwa ataifuta. Aliziona zile arobaini na moja, akamwona mama yake akimpokea nyumbani Nyakasimbi bila cheti, akaifunga simu. Ukimuuliza leo atakwambia alikuwa amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa amechagua, na alijua anachagua nini dhidi ya nini: alama zake, na mtoto wa Theoneste kuendelea kukaa kwenye safu ya tatu.

Video haikukaa mbali. Kwenye kundi la kata palibaki yale maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na watu wakiambiwa kitu kimefutwa ndipo wanapokitafuta. Kulikuwa na mwanachuo mwenzake shule ya pili, kilomita sita tu kutoka pale, mwema wa roho, hana hila. Mwalimu mmoja akamuuliza kama ameiona ile video ya Kokuhirwa iliyofutwa. Akasema anayo, akamrushia. Jumamosi jioni ilikuwa imerudi kijijini. Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wanaionyeshana nje ya kanisa, wengine wakicheka utamu wa mtoto, wengine hawacheki. Kuna mtu alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na Kahigi, na sasa ugomvi umepata ushahidi wenye sura na sauti. Jumatatu alfajiri Kokuhirwa aliiona kwenye simu ya mwenye nyumba wake, ndipo alipokimbilia kundi la chuo kuifuta. Simu ikampa chaguo moja tu, futa kwako. Muda wa kufuta kwa wote ulikuwa umepita.

Jumatatu hiyo mzee Kahigi aliitwa ofisi ya kijiji. Mzee huyu wa kanisa, mtu wa kuombea wagonjwa, aliruka futi mia. Alisema Theoneste ni kibarua wa kupita tu, hamjui atokako, na habari za mjukuu ni makosa ya mwalimu mkuu kuandika vibaya. Mwalimu Cleophace naye akaulizwa, akasema aliandika alichoambiwa. Wote wawili walirudi nyumbani kwao wakala chakula cha jioni. Theoneste, ambaye hakuulizwa kitu, alikwishanusa. Jumanne alfajiri hakuwepo tena kibandani kwake, na mkewe alipoulizwa alisema hajui.

Gari lilifika shuleni Jumanne saa nne asubuhi, kipindi cha hesabu. Maofisa wawili wa uhamiaji kutoka wilayani, watu wa heshima tu, wakawasalimia walimu, wakavua kofia. Walikuwa na Nyirabageni tayari kwenye gari, na mtoto wake mdogo Tuyizere mgongoni. Mmoja wao akasimama mlangoni mwa darasa la tatu, akamwita Edith Kahigi. Watoto themanini wakatulia. Mtoto hakuitika, wala jirani yake hakumsukuma. Ofisa akatazama karatasi yake, akaita Uwiduhaye.

"Nipo," alisema mtoto, papo hapo, kwa sauti safi iliyofika mpaka nyuma, akasimama wima na mikono ubavuni kama alivyofundishwa.

Kokuhirwa alikuwa ubaoni, ana chaki mkononi. Angeweza kusema neno. Sijui neno gani lingesaidia, na pengine lisingesaidia lolote, lakini angelisema, mtoto angelisikia. Alimwambia achukue madaftari yake. Mtoto akayachukua, akaitikia ndiyo madam, akatoka. Kokuhirwa akageukia ubao akamalizia hesabu ya kutoa.

Jumatano Mkufunzi Ambrose akaja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, mchangamfu, mtu anayependa kazi yake kweli. Hakujua kitu na hakuna aliyemwambia. Kokuhirwa alifundisha siku hiyo vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Sauti ilitoka. Watoto walijirekodi, wakajisikiliza, wakajisahihisha, na mkufunzi akawa anaandika huku anatikisa kichwa kwa furaha. Baadaye wakaingia ofisini, akaitoa ile video kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaicheza mbele ya mwalimu mkuu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akauliza mtoto huyu yuko wapi, apewe mkono. Mwalimu Cleophace akalitazama kabati lake la vishikwambi.

"Hayupo leo," alisema Kokuhirwa.

Mkufunzi akauliza kama anaumwa. Kokuhirwa akasema hayupo tu. Haikuwa uongo, na alijishika na hilo.

Ndipo mkufunzi akatoa fomu nyingine. Video hii, alisema, itakuwa mfano wa kufundishia hapo chuoni, na vyuo viwili rafiki vimekwishaiomba, lakini kuna taratibu, hatuwezi kutumia sura ya mtoto hivi hivi. Fomu ilikuwa na mstari unaouliza kama mzazi ameridhia, visanduku viwili, ndiyo na hapana. Hapo Mungu alikuwa amempa nafasi ya pili, nafasi ya wazi, imechapwa kwa wino. Angeweka alama kwenye hapana, akaeleza kwa nini, na yule mkufunzi wa watu angeelewa, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini fomu ya tathmini ilikuwa pembeni yake, mezani, haijajumlishwa. Kokuhirwa akaweka alama kwenye ndiyo, akasaini. Mkufunzi akajumlisha. Tisini na mbili.

Ijumaa aliandika tafakari yake ya wiki. Kilichokwenda vizuri, aliandika, ni matumizi ya TEHAMA katika kukuza stadi ya kuzungumza. Kwenye sehemu ya nini hakikwenda vizuri alikaa na kalamu tangu saa tisa mpaka giza lilipoanza kuingia. Mwisho akaandika: mtandao ni hafifu.

Jumamosi akashindwa kukaa. Nampa hilo, alishindwa kukaa. Alinunua mkate mmoja na maziwa ya pakiti, akapanda bodaboda mpaka Rubwera, barabara mbovu, mwendo wa saa moja na zaidi, akaanza kuulizia. Waliokuwa wanasubiri kurudishwa ng'ambo walikuwa wamewekwa kwenye ua nyuma ya jengo moja, wanawake na watoto upande mmoja. Mlinzi alimuuliza yeye ni nani wao. Akasema ni mwalimu. Mlinzi akampa dakika kumi.

Nyirabageni alikuwa ameketi chini kwenye kanga yake, amemlaza Tuyizere mapajani. Uwiduhaye alikuwa karibu naye, bado amevaa sare za shule, siku ya tano. Alimwona madam wake, akasimama, akasema shikamoo madam. Kokuhirwa akaitikia marahaba, akampa mkate na maziwa, na mtoto akapokea kwa mikono miwili, akampelekea mama yake bila kuufungua. Kokuhirwa akachuchumaa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha. Sasa aliyaanza kwa Kiswahili, akayaruka, akayaanza tena kwa Kinyambo maana kinakaribiana na lugha ya mama yule, akasema mama, ni mimi niliyemwambia mtoto aseme ukweli, ni mimi niliyetuma.

Nyirabageni alimsikiliza mpaka akaishiwa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, angemrushia ule mkate usoni, angemlaani mbele ya watu wote. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota shambani, polepole, akitafuta kila neno.

"Mwalimu, umemfundisha. Amesema yote, hakukosea hata moja."

Na alimaanisha. Hapakuwa na kejeli usoni kwake. Mwanamke ambaye hajui kusoma alikuwa anamshukuru mwalimu kwa mtoto wake kujua kuzungumza.

Kisha Nyirabageni akamsogelea, akatazama kwanza alipo mlinzi, akapunguza sauti. Baba yake huyu, alisema, bado yuko upande huu. Ameingia vijiji vya mbali, anatafuta kibarua kwa jina lingine. Ataweza, ni mtu wa kazi. Sisi tutavuka, halafu Mungu akipenda tutamtafuta. Lakini mtoto amelitaja jina lake mle ndani ya simu, na kila anayeisikia analijua. Akaonyesha kwa kidevu mkoba wa Kokuhirwa.

"Ifute, mwalimu. Mimi sina kingine ninachokuomba."

Kokuhirwa akatoa simu. Akaifungua, akaitafuta ile video, akaishika ili Nyirabageni aone. Kwenye kioo chenye ufa alionekana Uwiduhaye amesimama mbele ya ukuta wa darasa, mdomo wazi kidogo, yuko tayari kuanza. Mtoto mwenyewe alinyoosha shingo kujiona. Kokuhirwa akabonyeza futa. Simu ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, na picha ikatoweka.

Alijua iko wapi. Iko kwenye simu za kata nzima. Iko kwenye kompyuta ya Mkufunzi Ambrose, na Jumatatu itachezwa ukumbini chuoni mbele ya wanachuo mia tatu, halafu itakwenda vyuo viwili vingine, kwa saini yake mwenyewe kwamba mzazi ameridhia. Angeweza kumwambia. Mama huyu angalau angejua, angemtumia mumewe neno ahame tena, aende mbali zaidi.

"Imekwisha?" aliuliza Nyirabageni.

"Imekwisha, mama," alisema Kokuhirwa.

Nyirabageni akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.